Mto Mulelu Hauingii Luama

Ijumaa, saa kumi alasiri. Mvua imenyesha asubuhi yote, ikakatika wanafunzi walipokuwa wanatoka kwenda kula. Sasa kuna jua dogo, na matope mekundu yamefika mpaka kwenye ngazi za darasa. Sina homa, sina njaa, sikugombana na mtu. Lakini leo nimeona haya mbele ya wanafunzi wangu, na ninaandika mapema, kabla sijaanza kuyapamba mambo yalivyokuwa.

Nianze na kazi yenyewe.

Wiki tatu zilizopita Padri Direkta, mkuu wa shule yetu, aliniita ofisini kwake. Mkononi alikuwa na barua ya inspekta wa Kasongo. Barua ilisema wanafunzi wa mwaka wa sita wajifunze mahali wanapoishi kwa kutoka nje, wasikae na kitabu tu. Kwa Kifaransa wanaita étude du milieu. Padri akasema, "Chagua kitu kimoja, Donati. Soko, shamba ao mto. Unioneshe mpango, halafu uwaeleze wanafunzi, kisha mutoke."

Nilichagua mto. Mulelu unapita chini ya shule yetu, dakika kumi kwa miguu. Tena somo la mto ndilo nililojivunia kuliko yote. Nimelifundisha miaka minne tangu nilipotoka kwetu Kasongo kuja huku upande wa Kabambare. Ramani ya ukutani niliichora mwenyewe, mito kwa rangi ya buluu, nikiinakili kutoka ramani kubwa ya Padri iliyochapwa Ulaya. Kwenye ramani ile Mulelu unatoka vilimani kaskazini, unapita shuleni, unaendelea kusini moja kwa moja mpaka unaingia mto Luama. Kila mwaka wanafunzi wanaimba hivyo kwa pamoja: Mulelu unaingia Luama, Luama unaingia Lualaba.

Mpango niliuandika vizuri. Makundi matatu. Kundi la kwanza litapima upana wa mto kwa kamba yenye fundo kila mita moja. Kundi la pili litapima kina kwa mwanzi uliochomwa alama kwa chuma cha moto. Kundi la tatu litatupa kipande cha mti mwepesi majini na kuhesabu, kwa saa ya Padri, kinachukua muda gani kusafiri mita ishirini. Tutapima mahali pane: shuleni, kwenye daraja la barabara ya Kabambare, kwenye kijiji cha wavuvi, na mwisho pale mto unapoingia Luama. Kila mahali tutaandika udongo wa kando ukoje, majani gani yanaota, na watu wanautumia mto kwa kazi gani. Nikaandika na sheria: hakuna kuingia maji ya kupita magoti mpaka mwalimu aseme, na hakuna kukanyaga kando ya mto mahali ambapo wavuvi wa hapo wanasema mamba anapumzika.

Padri aliusoma mpango akauliza, "Umefika mwenyewe mahali pote pane?"

Nikajibu, "Nitafika, Padri."

Miaka minne ninafundisha mto ule, na sijawahi kupita daraja.

Jumamosi iliyopita nikaenda. Nilipita daraja saa nne asubuhi, nikafuata kijia cha wavuvi. Kazi ilikuwa nyepesi, nikafurahi. Nilihesabu migono, ile mitego ya kusuka ya samaki, nikachora mahali ambapo wanawake wanalowesha muhogo, nikaandika kwamba maji yanakuwa meusi kidogo kwenye kivuli. Adhuhuri nilikaa nikala muhogo wa kuchoma. Halafu nikaendelea, na baada ya kilima kimoja nikaanza kuona kitu ambacho sikukitaka. Ilikuwa saa tisa, na jua lilikuwa linanipiga usoni. Mtu anayekwenda kusini saa tisa anapigwa na jua shavu la kulia. Nikasimama, nikasema labda mto umepinda tu hapa, utarudi. Nikatembea nusu saa nyingine. Jua lilibaki machoni. Mto ulikuwa umeshika magharibi na haukuonesha hata dalili ya kurudi.

Mbele yangu kulikuwa na kijiji cha wavuvi. Kwenye maji alisimama mwanamke wa makamo amejifunga kitambaa cha buluu, anatoa muhogo uliolowa na kuupanga kwenye kikapu. Nilimsalimia, nikamwuliza kama mto huu unafika Luama.

Aliniangalia kwanza viatu, halafu daftari.

"Weye ndiye mwalimu wa Sumaili," akasema.

Nikasema ndiyo, ni miye, mama.

"Miye ni mama yake. Mama Zaina." Akaendelea kupanga muhogo. "Luama iko mbali, mwalimu. Iko nyuma ya vilima vile. Hii maji haipandake vilima. Inaenda Lualaba yenyewe. Bwana yangu alishuka nayo na mutumbwi, akatokea chini ya Kasongo, akaenda mpaka kwabo Nyangwe kuuzisha samaki. Anaendaka kila kiangazi."

Nilijua tayari maneno yake yanaelekea wapi. Nieleze ni kwa nini.

Sumaili ni mwanafunzi wangu. Ana miaka kumi na sita, mrefu kuliko wote darasani, na yuko mwaka wa sita kwa mara ya pili. Baba yake ni Mwislamu wa Nyangwe, aliyehamia huku kuvua na kuuza. Jamaa zake walimwambia asimpeleke mtoto kwa mapadri, naye akampeleka kwa sababu alitaka mtoto ajue hesabu na Kifaransa. Mwaka uliopita, siku ya somo la mto, Sumaili aliinua mkono akasema, "Mwalimu, Mulelu inatokea Lualaba. Baba alipita humo." Nilionesha ramani kwa fimbo nikamwuliza, ramani inasema nini? Wenzake wakacheka. Nikasema baba yake labda alilala kwenye mtumbwi. Wakacheka zaidi. Halafu nikamwandikisha mara mia moja: Mulelu unaingia Luama.

Aliandika zote mia.

Kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka kulikuwa na swali hilo hilo. Akaandika Lualaba. Maswali na majibu yanatoka kwa inspekta, lakini mimi ndiye niliyesahihisha. Nilimpa sifuri kwa wino mwekundu, na nakumbuka nilisema moyoni kwamba huyu ni mkaidi. Alikosa alama mbili za kupita. Wenzake watano walikwenda Kasongo kwenye shule ya walimu. Yeye alibaki.

Basi pale mtoni mama yake akanieleza yaliyobaki, bila hasira, kama mtu anayeeleza njia.

"Ile siku ya matokeo alirudia nyumba, hakukula. Akauliza baba yake mbele ya watu: Baba, ulinidanganya? Ile kiangazi bwana yangu akamutia mutumbwini, wakashuka wote wawili mpaka Lualaba. Mutoto akaona na macho yake. Waliporudia, baba akamwambia: sasa rudia kwa mwalimu wako."

Nikauliza, kwa sauti ndogo, kwa nini Sumaili hakuniambia.

"Angekwambia nini?" akasema. "Ulishamupa jibu."

Alinipa mihogo miwili iliyochomwa nile njiani. Niliipokea. Sikujua namna ya kuikataa.

Jumapili baada ya misa nilifungua sanduku la madaftari ya mwaka huu. Nililitafuta la Sumaili, nikatafuta jaribio la mito tulilofanya miezi miwili iliyopita. Swali la nne: Mulelu unaingia mto gani? Jibu, kwa mwandiko mzuri ulionyooka: Mulelu unaingia Luama. Pembeni, kwa wino wangu mwekundu: 10/10, vizuri sana.

Alikuwa ameshaona Lualaba kwa macho yake alipoandika hivyo.

Mwaka uliopita nilimpa sifuri kwa kusema kweli. Mwaka huu nimempa kumi kwa kusema uongo, nikaongeza vizuri sana. Mtoto alijifunza. Ni mimi niliyemfundisha.

Ningependa kuandika kwamba Jumatatu asubuhi nilisimama nikasema kila kitu. Sikufanya hivyo. Jumatatu nilifundisha sehemu za kumi. Jumanne nilifundisha maisha ya mtakatifu mmoja. Jumatano na Alhamisi niliandika utangulizi wa uchunguzi wetu, kurasa tatu, na mara mbili niliweka sentensi inayosema kwamba ramani ina kosa, na mara mbili nikaifuta. Nilitafuta njia ya kuufanya mto wenyewe useme. Nilifikiri: nitawapeleka tu, tutapima, tutaona, na mwishoni nitashangaa pamoja nao. Hakuna atakayejua kwamba nilijua. Sumaili anaujua mto, lakini hatajua kwamba nami nilikuwa ninajua.

Ila mama yake alikuwa ameniona. Na bila mama yake pia, mimi ningejua.

Leo asubuhi, mvua inapiga mabati mpaka ikabidi nipaze sauti, nikaanza. Nilieleza uchunguzi ni nini: kwenda mahali na swali, kupima, kuandika kile ulichokiona na si kile ulichotaka kukiona, kisha kurudi na jibu, hata kama si lile ulilokwenda nalo. Nilieleza makundi, kamba, mwanzi, kipande cha mti. Walifurahi sana kuhusu saa ya Padri. Halafu nikauliza swali letu la kwanza.

"Mulelu unaingia mto gani?"

"Luama!" darasa zima.

Nilimwangalia Sumaili kwenye benchi la nyuma. Midomo yake ilisema Luama pamoja na wengine.

Nikawaambia. Nilisema Jumamosi nilitembea mpaka kijiji cha wavuvi na mto haukwenda kusini, ulikwenda magharibi. Nilisema ramani hii niliichora bila kwenda kuona. Nilisema mwaka uliopita mwanafunzi mmoja aliniambia ukweli, nikamcheka yeye, na baba yake pia, nikamwadhibu, nikampa sifuri. Nikasema jina lake, maana wote walikuwa wanajua hata hivyo. Nikasema, "Sumaili, nilikosa. Unisamehe."

Hakuna aliyecheka. Kijana wa benchi la mbele alishika kalamu akaniangalia kama anayengoja niseme hili nalo liandikwe ao lisiandikwe.

Nilimwomba Sumaili aje mbele aonyeshe kwenye ramani njia ya kweli ya mto. Nilifikiri namheshimu. Alisimama, lakini hakutoka kwenye benchi.

"Mwalimu," akasema, "mutihani utauliza nini? Luama ao Lualaba?"

Mtihani wa mwisho unatoka Kasongo, kwa inspekta, na majibu yake yanafuata ramani ile iliyochapwa Ulaya. Kama nikimwambia aandike Lualaba, anaweza kukosa tena. Kama nikimwambia aandike Luama, basi kuomba kwangu msamaha ni upepo tu.

"Sijui," nikasema. "Nitauliza leo."

"Ndiyo, mwalimu," akasema, akakaa.

Sikumlaumu. Nilikuwa nimemweka mbele ya watu kwa mara ya pili, na mara ya kwanza haikumfaa kitu.

Mapumziko nilikwenda kwa Padri Direkta, viatu vimejaa matope. Alinisikiliza huku anafuta miwani. Kwanza alisema, "Ramani ilichapwa Brisele, Donati." Nilitaka kusema kwamba mto haukuchapwa Brisele, lakini sikusema. Nilimwambia kuhusu jua, kuhusu kilima, kuhusu mvuvi anayekwenda Nyangwe kila kiangazi. Akasema neno la mvuvi na jua la mwalimu havitoshi kubadilisha mtihani. Anataka vipimo. Akafungua mtoto wa meza, akatoa dira yake ndogo ya shaba, akaniwekea mezani.

"Mufuate mto mpaka mwisho. Kila mahali muandike dira inasema nini. Kama muko na haki, nitapeleka kazi yote kwa inspekta kabla ya mutihani."

Hiyo inabadilisha mpango mzima. Mwisho wa mto uko teritwari, yaani wilaya, ya Kasongo, na sisi tuko ya Kabambare. Wanafunzi ishirini na wawili hawawezi kuvuka hivi hivi bila karatasi ya Bwana wa teritwari. Padri amesema ataiandika barua ya kuiomba leo. Wazazi nao lazima wakubali siku nne badala ya moja, na chakula, na mahali pa kulala. Nitaandika upya kurasa zote.

Halafu nikauliza kuhusu sifuri ya Sumaili.

"Mwaka uliopita umefungwa," akasema. "Siufungui."

Nikasema basi nitamwandikia inspekta mimi mwenyewe.

"Utaandika kwamba shule ilikosa?"

"Hapana, Padri. Kwamba mimi nilikosa."

Alivaa miwani akaniangalia. Mwalimu mmoja wa huku aliondolewa kwa kosa dogo kuliko hili, nasi sote wawili tunalijua. "Andika," akasema mwishowe. "Uniletee nisome kwanza."

Barua hiyo nimeshaiandika. Ni ukurasa mmoja. Nimempelekea saa nane. Kama ataituma ao ataiweka kwenye mtoto wa meza, sijui, na sitamwuliza leo. Nitamwuliza Jumatatu.

Baada ya shule niliwaeleza wanafunzi maneno ya Padri kuhusu mtihani, kisha nikasoma majina ya makundi. Nilikuwa nimemweka Sumaili awe kiongozi wa njia, maana ndiye peke yake aliyefika mwisho wa mto. Akaja mezani akasema hapana, anaomba kundi la kina, la mwanzi.

"Njia ninaijua," akasema. "Kina siijui. Baba naye haijui. Anajua tu mahali mutumbwi inagonga."

Nikambadilisha. Nikaandika jina lake juu ya kundi la kina, nikadhani amemaliza, lakini alibaki amesimama. Akauliza kama karatasi ya mtihani wake wa mwaka uliopita bado ipo.

Ipo. Karatasi za mtihani zinakaa miaka mitatu kwenye kabati la darasa, zimefungwa kwa kamba. Nilitafuta huku yeye anashika mlango wa kabati usijifunge. Nikaipata. Lualaba, kwa mwandiko wake, na sifuri yangu imeizunguka mpaka wino umetoboa karatasi. Aliniuliza kama anaweza kuichukua.

Nilishika kalamu. Nilijua kwamba chochote nitakachoandika hapo hakitamrudishia mwaka, wala hakitamfikisha Kasongo pamoja na wale watano. Orodha ya matokeo imeshapigwa muhuri. Hata hivyo nilikata sifuri kwa mstari mmoja, na chini yake nikaandika kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa: Jibu hili ni kweli. Baba wa mwanafunzi alisema kweli. Mwalimu ndiye aliyekosa. Nikatia jina langu lote.

Alisoma polepole, midomo inatembea.

"Baba anasoma maandishi ya Kiarabu," akasema. "Haya hapana. Nitamusomea miye."

Akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya shati isipate unyevu, akateremka ngazi. Hakuniambia amenisamehe. Hakusema kwamba hakunisamehe pia. Alishika kijia cha daraja, mwendo wa saa tatu mpaka kwao, anakorudi kila Ijumaa, anaruka madimbwi kwa miguu yake mirefu.

Nimebaki na dira ya Padri mezani na mpango wa kuandika upya. Ninafikiria pale atakapofika, baba yake anatengeneza wavu ao anakula, naye anatoa karatasi na kuanza kusoma kwa sauti. Atasoma mara moja tu, ao baba atamwambia arudie?